Petroli tupu au yenye ethanoli: ipi inayavumilia maji ya pwani?

Ukitaka kuambiwa ipi ni bora kati ya petroli tupu na petroli iliyotiwa ethanoli, jibu kwanza swali dogo: mafuta yako hulala tangini siku ngapi? Mwendesha boda wa Malindi hutia asubuhi, na ikifika magharibi tangi linadai tena. Mwenye boti ya wageni Shela, kisiwani Lamu, anaweza kuifunga mwezi Mei, kusi limechacha na wageni hakuna, asiiwashe sawasawa mpaka Julai. Hawa wawili hawawezi kupewa ushauri mmoja. Wanaotoa ushauri mmoja kwa wote ndio walioeneza kwamba ethanoli huvuta maji na kuua injini, basi. Ni kweli huvuta. Lakini kuna mahali uvutaji huo unakusaidia, na kuna mahali utakuacha ukielea katikati ya mkondo bila mashine.

Nitazilinganisha kwa jambo moja hasa, maji, kwa sababu hapa kwetu yako kila upande: baharini, hewani, na wakati wa masika hata barabarani. Bei na nguvu nitazigusa kwa kupita.

Mafuta yenyewe

Petroli ni mkusanyiko wa haidrokaboni, na haidrokaboni hazipatani na maji. Ukivitia pamoja kwenye chupa, petroli hupanda, maji hushuka, na mstari kati yao huonekana wazi. Ethanoli ni alkoholi inayopatikana kwa kuchachusha vitu vya sukari au wanga, kama molasi ya miwa, mahindi au muhogo. Yenyewe hupatana na wote wawili: huchanganyika na petroli, huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, na ikilazimika kuchagua huenda na maji. Shikilia hilo la mwisho, maana mengine yote yanatoka hapo.

Mchanganyiko unaotajwa sana ni E10, yaani katika kila lita 10, lita 9 ni petroli na lita 1 ni ethanoli. Brazili ilianza mpango wake wa ethanoli mwaka 1975, na mwaka 2025 ikapandisha kiwango kwenye petroli hadi asilimia 30. Malawi huchanganya tangu 1982. Uingereza iliifanya E10 kuwa petroli ya kawaida vituoni Septemba 2021, na India imefika asilimia 20. Kenya nayo iliwahi kuuza petroli yenye ethanoli ya molasi miaka ya 1980, kiwanda kikiwa Muhoroni, kisha mpango ukafa. Hoja ya kuufufua imekuwa ikirudi.

Mtu wa pwani hukutana na habari za E10 hata kama haijaandikwa kwenye pampu anayonunulia. Gari la mtumba lililotoka Uingereza miaka ya karibuni huweza kuja na kibandiko cha E5 (ethanoli asilimia 5) na E10 kwenye kifuniko cha tangi. Mashine ya boti iliyokuja na kitabu chake mara nyingi humwonya mwenyewe asizidishe asilimia 10 ya ethanoli. Na petroli ikishapita mikono mingi kabla ya kuvuka kwenda kisiwani, ni vizuri mnunuzi awe na njia yake mwenyewe ya kujua kilichomo. Kipimo cha chupa kiko huko chini.

Maji huingilia wapi

Wengi hulaumu hewa. Unyevu wa Lamu unajulikana, chumvi haikauki kwenye kibakuli, basi watu husema tangi linakunywa hewa na kujaa maji. Kuna ukweli ndani yake. Tangi hupumua: mchana mafuta hupanuka na kusukuma hewa nje, usiku hupoa na kuivuta ndani pamoja na unyevu wake. Lakini kupumua huko hutegemea tofauti ya joto la mchana na la usiku, na kwetu tofauti hiyo ni nyuzi chache tu, si kama bara kwenye baridi ya alfajiri. Tangi lililofungwa vizuri, hata likiwa na E10, huchukua wiki nyingi au miezi kufikia kikomo chake kwa unyevu wa hewa peke yake. Tangi lililobaki nusu na tundu la hewa wazi ni habari nyingine.

Wezi wa kweli ni wengine. Wa kwanza ni mtungi. Mtungi wa lita 20 uliokuwa wa mafuta ya kupikia husuuzwa kwa maji, huanikwa nusu saa, kisha hutiwa petroli. Maji hubaki kwenye pembe za chini, na zaidi hubaki ndani ya mpini, kwa sababu mpini wa mtungi wa plastiki una uwazi ndani na huwezi kuufuta. Vijiko viwili vya chai vinatosha kujificha humo. Kwenye petroli tupu vijiko hivyo viwili ni balaa. Kwenye E10 ya lita 20 havionekani hata kidogo. Weka hilo akilini tutakapolinganisha.

Wa pili ni kifuniko. Pikipiki nyingi zina kifuniko kilichozama kwenye tangi, na pembeni yake kuna kitundu kidogo cha kutolea maji ya mvua. Kitundu kikizibwa na vumbi na grisi, kila mvua huacha kidimbwi kuzunguka kifuniko, na mpira uliopasuliwa na jua huyaruhusu kushuka ndani. Kwenye boti ni yale matangi mekundu ya kubebeka yenye skrubu ya hewa juu ya kifuniko. Skrubu hiyo lazima ifunguliwe mashine ikifanya kazi, la sivyo mafuta hayavutiki. Lakini vijana huisahau wazi, boti inalala nje, na usiku mzima inanyesha.

Wa tatu ni bahari yenyewe. Mafuta ya kisiwani huvushwa kutoka Mokowe, na boti yenye mitungi ikipambana na upepo wa kusi hupigwa na povu la mawimbi. Maji ya chumvi ni mabaya kuliko ya mvua: hata kama ni machache, hula aluminiamu ya kabureta na kuacha uchafu mweupe kwenye matundu membamba.

Wa nne, kituo chenyewe. Tangi lililo chini ya ardhi likiingiliwa na maji ya mafuriko, kila anayejaza siku ile anaondoka na sehemu yake. Novemba 2023, barabara ya Lamu ilipokatika Lango la Simba upande wa Gamba, watu walikuwa na shida mbili kwa pamoja: maji kila mahali, na mafuta yaliyobidi yakae muda mrefu kuliko kawaida.

Uso kwa uso

| Jambo | Petroli tupu | E10 |
|---|---|---|
| Maji yanayoyeyuka katika lita 10 | mililita 1 au 2 hivi | karibu mililita 50 |
| Maji machache yakiingia | hukaa chini ya tangi | huyeyuka na kuungua pamoja na mafuta |
| Maji yakizidi kikomo | hukaa chini peke yake | hushuka yakiichukua ethanoli |
| Petroli inayobaki juu | ni ile ile | imepoteza okteni (uwezo wa kuvumilia mgandamizo bila injini kugonga) |
| Tiba | mwaga maji, tumia mafuta | mwaga yote |

Mililita 50 ni kama kijikombe kimoja cha kahawa chungu, kile cha muuzaji wa barazani. Kiwango hicho, nusu kwa mia, hupimwa kwenye joto la nyuzi 15 hivi. Mafuta yakiwa na joto la pwani hubeba zaidi kidogo, na yakipoa kikomo hushuka. Ndiyo maana mchanganyiko ulioshiba maji mchana unaweza kuwa mzuri machoni, na alfajiri ukakutwa umetengana.

Tazama vizuri mstari wa tatu na wa tano, kwa sababu humo ndimo uamuzi ulimo. Petroli tupu huyakataa maji tangu mwanzo. Yakiingia matone, utayasikia: mashine inakohoa, inakata, unafungua bakuli la kabureta, unamwaga, unaendelea na safari. Ni usumbufu, lakini maji na mafuta vimebaki kila kimoja na tabia yake, na petroli iliyo juu haijadhurika. E10 ni kama punda wa Lamu: hubeba bila kulalamika, huongezewa na bado huenda, mpaka siku anapolala njiani na mzigo wote.

Kulala kwake ni hivi. Tuseme tangi la lita 10 za E10 limeingiwa na maji mililita 80 badala ya 50. Usidhani utakuta chini mililita 30 zilizozidi. Ethanoli, kama nilivyosema, huenda na maji. Sehemu kubwa ya ile lita moja ya ethanoli hushuka pamoja nayo, na chini ya tangi panakuwa na tabaka linaloweza kufika nusu lita, maji na alkoholi pamoja. Na bomba la kuvutia mafuta huanzia chini. Injini inavuta tabaka hilo, haiwaki, au inawaka na kufa. Kule juu nako petroli iliyobaki imepoteza ethanoli iliyokuwa ikiipandishia okteni, kwa hiyo hata ukilimwaga la chini, la juu si mafuta uliyoyanunua. Injini yenye mgandamizo mkubwa itagongagonga nayo.

Kwa hiyo anayesema E10 ni mbaya kwa maji, na anayesema E10 hukausha tangi, wote wamesema kweli. Wa kwanza anazungumzia maji mengi, wa pili anazungumzia machache.

Mashine za boti za kuchanganya oili

Hapa sitakuwa wa kati na kati. Mashine nyingi zinazofungwa nyuma ya boti Lamu ni zile za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Zinapendwa kwa sababu ni nyepesi, fundi yeyote anazijua, na vipuri vinapatikana. Lakini kwa habari ya ethanoli na maji ndizo zilizo hatarini kuliko zote.

Oili huyeyuka kwenye petroli. Haiyeyuki kwenye maji na alkoholi. E10 ikitengana, oili yote hubaki juu pamoja na petroli, na bomba la chini linavuta kitu kinachoweza kuwaka kidogo na kuizungusha mashine, bila tone la oili. Pistoni inasuguana na silinda kavu. Kwenye gari, mafuta yaliyotengana huizima injini, unasukuma kando ya barabara, yamekwisha. Kwenye mashine ya mipigo miwili inayolazimishwa kuendelea, kwa sababu nahodha yuko kwenye mlango wa bahari na hana hiari, pistoni inaweza kukwama kabisa.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi, gati yoyote ile:

"Fundi, mashine yawaka, yaenda kidogo, yafa. Plagi nimebadilisha."

"Mafuta uliyatia lini, mwanangu?"

"Tangu kabla ya Maulidi."

"Basi wacha plagi. Niletee chupa nyeupe tuyatazame."

Kwa mashine hizi, ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua petroli tupu, na usitoe sababu mbili. Kama E10 ndiyo pekee iliyopo, changanya oili ya kutumia siku hiyo au juma hilo tu, usiache mchanganyiko tangini kungoja msimu. Filta ya kutenganisha maji inayofungwa kati ya tangi na mashine ni fedha iliyotumika vizuri kwa petroli tupu, kwa sababu maji yaliyo huru huyakamata na kuyaweka chini ya kikombe chake. Kwa E10 usiitegemee hivyo. Maji yaliyoyeyuka ndani ya ethanoli hupita kwenye filta kama mafuta mengine, na mafuta yakishatengana, tabaka la chini ni kubwa kuliko kikombe cha filta.

Mashine mpya za mipigo minne zina oili yake kando kama gari, kwa hiyo balaa ya pistoni kavu haiko. Zinabaki na sindano za mafuta zenye matundu membamba ambazo kutu na chumvi huziziba, na kuzisafisha si kazi ya gatini.

Kuna la tangi pia. Boti za faiba za zamani, zenye tangi lililojengwa humo humo kwa faiba, zilitumia resini, gundi inayoshikanisha faiba, ambayo ethanoli huilainisha. Resini iliyoyeyuka huingia kwenye mashine na kuacha utando mweusi kwenye vali. Mwenye boti ya namna hii asijaribu E10 hata mara moja. Matangi ya plastiki ya kubebeka hayana shida hiyo, ila mipira ya zamani ya kuvutia mafuta hukakamaa na kupasuka, ikaanza kuvuta hewa.

Boda, tuktuk, gari na jenereta

Boda na tuktuk ya petroli zinazofanya kazi kila siku: E10 haina ubaya, na wakati wa masika huenda ikawa na nafuu. Tangi la lita 10 linajazwa na kumalizwa kabla unyevu haujafika popote. Matone yanayopenya kifunikoni huyeyuka na kuchomwa. Kwenye petroli tupu matone yale yale hujikusanya chini ya bakuli la kabureta na kukukatisha kwenye barabara ya Watamu, abiria nyuma akitazama saa. Kinachopungua ni mwendo kidogo: ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya petroli kwa lita, kwa hiyo E10 hukupunguzia kama asilimia 3. Uliyekuwa ukienda kilomita 100 utaenda 97. Kama bei ya E10 haishuki kiasi hicho, basi unalipia zaidi kwa mwendo ule ule, na hiyo hesabu kila mwendesha boda anaijua bila kalamu.

Angalizo moja kwa chombo kilichozoea petroli tupu miaka mingi. Ethanoli huosha. Utando na uchafu ulioganda tangini huachia, na hukimbilia kwenye filta. Badilisha filta baada ya kujaza mara chache za mwanzo, usingoje ikuzimie.

Gari la sindano za mafuta lililotengenezwa miaka ya 2000 kuendelea kwa kawaida halina neno na E10. Kompyuta yake hupima moshi na kuongeza mafuta kidogo ili uwiano usiharibike, ila kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Gari la zamani la kabureta halina wa kuliongezea. Litachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta machache kidogo kuliko inavyotakiwa, na mipira yake inaweza kuwa haikuundwa kwa alkoholi. Hapo petroli tupu.

Jenereta ni kisa kingine kabisa. Nyumba ya wageni Lamu au Malindi hununua jenereta kwa ajili ya umeme kupotea, na umeme ukitulia miezi miwili, jenereta haiguswi. Mafuta yamo ndani, tangi nusu, kifuniko kina tundu la hewa. Hiyo ndiyo hali ambayo E10 haiipendi hata kidogo, kwa sababu mbali na kutengana, ethanoli yenye maji huchachuka polepole ikawa na asidi inayokula shaba na zinki za kabureta. Tumia petroli tupu. Na mafuta yoyote yale, kabla ya kuiacha, funga bomba la tangi uiache ingurume mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Ni kazi ya dakika chache na huokoa kabureta nyingi kuliko dawa zote za dukani.

Kuhusu akiba ya mitungi: petroli tupu iliyofungwa vizuri kivulini huvumilia karibu nusu mwaka, E10 usiipitishe miezi mitatu, na joto letu hupunguza yote mawili. Jaza mtungi karibu na shingo, ukiacha nafasi ya kupanuka tu. Hewa ikiwa kidogo, unyevu unakuwa kidogo.

Kipimo cha chupa

Unahitaji chupa nyembamba ya kioo iliyonyooka pembeni, bomba la sindano lisilo na sindano kwa kupimia, na kalamu ya kuandikia juu ya kioo. Fanya nje, mbali na jiko na sigara.

Tia maji mililita 20, weka alama. Ongeza petroli mililita 100. Funga, tikisa taratibu, legeza kifuniko kutoa mvuke, kisha acha itulie dakika kumi. Mstari wa maji ukirudi palepale, petroli haina ethanoli. Ukipanda mpaka karibu na mililita 30, ni E10 au jirani yake, kwa sababu ethanoli imetoka kwenye petroli na kujiunga na maji. Ni ule ule utengano unaoharibu tangi, ila hapa umeufanya kwa makusudi.

Kama unachotafuta si ethanoli bali maji, usiongeze maji yoyote. Vuta mafuta ya chini kabisa ya tangi uyatie kwenye chupa. Petroli tupu yenye maji huonyesha matone mazito yanayoviringika chini. E10 inayokaribia kutengana hufanya ukungu kwanza, kama imetiwa tone la maziwa, kisha ukungu hushuka na kuwa tabaka. Ukishindwa kuona mstari, nyunyizia chembe za rangi ya biriani: tabaka lenye maji litageuka manjano na petroli haitageuka. Vituo vya mafuta hupaka pasti maalumu kwenye fimbo ya kupimia, nayo hubadilika rangi ikigusa maji. Pasti ya kawaida hufanya kazi vizuri kwenye petroli tupu. Maji yaliyoshikana na ethanoli yanaweza kuipita bila kubadilisha rangi sawasawa, na ipo pasti nyingine kwa kazi hiyo.

Maji yakishaingia

Kwa petroli tupu, acha tangi litulie, mwaga kutoka chini mpaka itoke petroli safi, fungua skrubu ya bakuli la kabureta, mwaga humo pia, badilisha filta. Mafuta ya juu yanatumika. Kama maji yalikuwa ya chumvi, bakuli lioshwe kwa petroli safi siku hiyo hiyo, si Jumamosi ijayo.

Kwa E10 ambayo haijatengana, jaza tangi kwa mafuta makavu na uendeshe umalize. Kila lita mpya ya E10 huongeza uwezo wa kubeba maji yaliyomo. Lakini ikishatengana, kuongeza mafuta mapya juu yake ni kuyaharibu na hayo mapya. Dawa za chupa ndogo zinazouzwa kwa jina la kuondoa maji, nyingi ni alkoholi tu. Zinaweza kusaidia petroli tupu yenye matone machache, kwa sababu zinaigeuza kuwa mchanganyiko mwepesi. Hazirudishi E10 iliyotengana kuwa moja. Toa yote, kausha tangi, badilisha filta, anza upya. Petroli ya juu mimi singeitia kwenye mashine yoyote ninayoitegemea kunirudisha nyumbani.

Kilichomwagwa kiwekwe kwenye chombo chenye kifuniko, kisimwagwe ufukweni. Alkoholi na maji vitapotea baharini bila kuonekana, lakini petroli iliyoshikana navyo huelea na kuingia kwenye mikoko kwa maji kujaa.

Na mwenye dizeli

Yuko atakayesoma haya yote na kusema bora nifunge dizeli. Kwa jahazi la mizigo au boti kubwa ya kuvua, sawa. Dizeli haina ethanoli, na maji hushuka chini yake kama kwenye petroli tupu, wala si rahisi kushika moto kama petroli ikivuja ndani ya boti. Ila ina udhaifu wake: mahali dizeli na maji vinapokutana tangini huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi unaoziba filta, na maji yakifika kwenye pampu ya shinikizo huisaga, nayo si pampu ya bei ya plagi. Ndiyo maana filta nyingi za dizeli zina kibomba kidogo chini. Kifungue kila asubuhi kabla ya kuwasha, kwenye kikombe cheupe, mpaka uone dizeli tupu.